Mgeni wa Sebuleni

Ma Immakulata alifika Hamugembe Jumatano saa nne asubuhi na mkungu mmoja wa ndizi alioukata bila ruhusa. Ndivyo alivyosema mwenyewe pale mlangoni, kabla hata salamu hazijaisha: "Pokeeni, huu nimeuiba." Renatha, binti yake wa pekee, alikuwa barazani kwenye cherehani akishona sare za kwaya. Alicheka akidhani mama anatania. Kisha akamtazama vizuri usoni, akaacha kucheka, akaupokea mkungu na kuutua chini taratibu.

Habari yenyewe ilitolewa wakati wa chai. Tangu mume wa Ma Immakulata, Ta Rugemalira, azikwe mwezi wa pili, shemeji yake Mwijage alikuwa akipita kibanjani kila Jumapili baada ya misa kuangalia migomba. Mwanzoni alikuwa anaisifu. Baadaye akaanza kuihesabu. Juzi akamwambia kwamba kuanzia sasa akitaka kukata mkungu amuarifu kwanza, maana kibanja ni cha ukoo na marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Basi hapo ndipo mwanamke wa miaka sabini na mmoja, aliyeipanda migomba hiyo kwa mikono yake na kuibebea samadi kichwani, akaambiwa aombe ruhusa ya kula. Kikao cha ukoo kilikuwa kimeitishwa Jumamosi, hukohuko kibanjani Muleba, nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyetakiwa kuwapikia wajumbe.

"Lakini baba alisema," Renatha alisema. "Siku ya jubilei alisimama mbele ya watu akasema kibanja ni cha mama mpaka Mungu amchukue, na baada yake ni changu."

"Alisema. Na waliosikia wamesahau." Ma Immakulata alipuliza chai yake. "Mwenyekiti wa kikao ni Ta Karugendo. Nimemfuata kwake. Ananiambia siku ile alikuwa nyuma kabisa, hakusikia vizuri. Wengine wanasema walisikia makofi."

Hapo mama na binti wakamgeukia Audax, mume wa Renatha, aliyekuwa amekaa mbali kidogo, karibu na dirisha. Audax alizaliwa Maruku katika nyumba ambayo mkwe na mama mkwe hawakukaliana karibu wala hawakutazamana machoni, na ingawa mjini watu wengi walishaziacha adabu hizo, yeye alizishika. Alipotaka kumwambia mama mkwe jambo alipitia kwa mkewe, hata kama wote watatu walikuwa chumba kimoja na mama mkwe anasikia kila neno. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi, ubarikio, jubilei na mazishi, na jubilei ya wakwe zake, miaka hamsini ya ndoa, aliipiga yeye mwenyewe mwaka juzi bila malipo.

"Renatha," alisema akitazama sakafu, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo, "mwambie mama asipate shida. Maneno ya baba yapo. Yuko nayo Mgeni."

Mgeni hakuwa mtu. Alikuwa kompyuta ndogo ya ofisini, haizidi kitabu cha nyimbo za kanisani kwa ukubwa, pamoja na diski tatu zilizong'olewa kwenye laptopu zilizokufa, vyote vimepangwa ndani ya sanduku la mbao ambalo seremala alilichonga akiamini ni la vifaranga. Audax alimtengeneza kwa miezi minne, akinunua kifaa kimoja kimoja kwa Muhidini, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Mgeni alikula umeme wa sola, tena kidogo sana, si zaidi ya taa mbili za sebuleni. Aliwekwa chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kwenye hewa nzuri, na taa zake tatu za kijani zilipepesa mchana na usiku. Kwa kuwa alipewa mahali pazuri kuliko wenye nyumba, hakuonekana akifanya kazi yoyote, na hakuna aliyejua ataondoka lini, Renatha alimwita Mgeni. Kila asubuhi aliuliza kama Mgeni ameamka salama. Akamfumia na kitambaa. Audax alikuwa akikiondoa kwa sababu ya joto, Renatha akikirudisha kwa sababu ya heshima.

Kilichomsukuma Audax ni aibu. Huko nyuma alihifadhi kazi zake zote kwenye diski moja ya mkononi, na siku moja iliteleza mezani ikaanguka sakafuni ikaenda na harusi kumi na tisa. Bibi harusi mmoja alikuja akakaa pale barazani kutwa nzima, mkononi ameshika picha moja aliyopigwa na simu ya jirani. Audax aliahidi moyoni kwamba jambo hilo halitajirudia. Diski kubwa za dukani zenye kazi hiyo zilikuwa na bei ya watu wengine, ndiyo maana akaunga na kuunganisha.

Renatha alipomuuliza diski tatu za nini, alimweleza kwa mfano. "Wewe unajua mikungu iliyokatwa kibanja cha juu. Mimi najua ya kibanja cha chini. Mama anajua jumla. Mmoja wetu akifa, wawili waliobaki wakikaa chini wanapata alichokijua marehemu. Hakuna kinachopotea."

"Na wakifa wawili?"

"Hawafi wawili kwa mpigo."

"Wewe unapiga video za mazishi kila Jumamosi halafu unasema hivyo?" Renatha alisema, akarudi kwenye cherehani.

Mwezi wa kumi diski moja ilikufa kweli. Taa yake ikawa nyekundu. Mtu mwingine angeenda siku hiyohiyo kununua nyingine, lakini Audax aliona furaha tupu. Alifungua harusi mojawapo, ikacheza bila kasoro, akawaita majirani waje waone jinsi maiti alivyo ndani ya sanduku na kazi inaendelea. Walikuja wengi. Mmoja aliuliza kama angeweza kutengeneza sanduku la namna hiyo kwa ajili ya ng'ombe. Kila siku Audax alisema kesho atamfuata Muhidini, na kila siku akaja mtu mwingine wa kuonyeshwa, mpaka mwezi ukaisha na taa nyekundu ikazoeleka pale sebuleni.

Sasa kwa kuwa jambo lilikuwa zito, Audax alitaka kulifanya kwa utaratibu. Alhamisi jioni alirudi na diski nyingine akaiweka mahali pa ile iliyokufa. Akaeleza kwamba diski mbili zilizobaki zitamfundisha huyo mpya kila alichokijua marehemu, na kwamba somo hilo litachukua saa kumi na moja.

Renatha alikuwa na swali dogo. "Kwa nini usitoe kwanza ya baba ukaiweka kwenye flashi, ndipo ufundishe?"

Lilikuwa swali zuri kuliko kazi yote ya miezi minne. Audax alilijibu kwa upole wa mtu anayejua: mgonjwa hutibiwa kwanza, maswali baadaye. Asubuhi Mgeni atakuwa mzima, na watanakili kwa raha zao. Renatha alitaka kubisha, lakini alikuwa na mashati sita ya kwaya yasiyo na vifungo, akaacha.

*

Ijumaa asubuhi Audax aliamshwa na harufu anayoipenda kuliko zote duniani. Sebuleni, juu ya meza, lilikuwepo bakuli kubwa la senene waliokaangwa wakakauka vizuri, na kando yake ndoo mbili za wengine wasiochambuliwa. Ma Immakulata alikuwa mkekani akinyonyoa mbawa, nywele zake zina unyevu wa umande, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano alikuwa anatabasamu.

Senene, panzi wa msimu, walikuwa wameshuka usiku. Umeme wa mji ulikatika saa tatu, na watu wa Hamugembe waliokuwa wamesimamisha mabati na taa za kuwanasa wakabaki gizani wakilaumu. Ma Immakulata alitoka nje akasikia wanavyopita angani kwa maelfu. Kwa misimu hamsini na moja aliwakamata senene kwa ajili ya mumewe, na kila msimu Ta Rugemalira alimletea nguo, kama desturi ilivyotaka. Huu ulikuwa msimu wa kwanza asiokuwa na mtu wa kumkamatia. Akasimama pale uani akaliona hilo, na likamuuma. Ndipo alipokumbuka kwamba anaye mkwe, ambaye keshokutwa atasimama mbele ya ukoo kwa ajili yake, na kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna betri ya sola.

Jirani alimkopesha balbu mbili, zile kubwa za senene. Mtaa mzima hapakuwa na mwanga mwingine, kwa hiyo senene wote wa Hamugembe walikuja uani kwa Audax. Mpaka alfajiri balbu zilipofifia, alikuwa amejaza ndoo.

Audax alilitazama bakuli. Akamtazama Mgeni. Hapakuwa na taa ya kijani wala nyekundu.

Renatha aliingia kutoka jikoni, akaona alichokiona mumewe, akafunika mdomo. Mama yake akamtazama yeye, kisha lile sanduku lililozimika, na tabasamu likaanza kumwondoka.

"Renatha, mwambie mkwe wangu sikuchomoa kitu chake," alisema. "Niliangalia sana. Sikuchomoa hata waya mmoja. Nilichomeka tu."

Kama ingekuwa mtu mwingine yeyote, Audax angepiga kelele zikasikika Kagondo. Lakini alikuwa mama mkwe, na hata neno moja la ukali kwake lilikuwa haliwezekani. Hasira ikakosa pa kutokea. Alikaa chini. Akachukua senene watatu, akawatafuna, akameza.

"Mwambie mama," alisema akitazama sakafu, "senene ni watamu sana."

*

Muhidini alikuja saa tano na kompyuta yake kwapani. Alipewa senene kwanza, maana nyumba ile haikujua tena la kufanya nao. Betri ilikuwa imerudishiwa uhai na jua la asubuhi, Mgeni akawashwa, taa za kijani zikaja, na kwa dakika moja watu wote wakapumua. Kisha maandishi yakatokea kwenye kioo, Muhidini akayasoma mara mbili, akaacha kutafuna.

Alieleza kwamba diski hazikufa. Shida ni kwamba umeme ulikatika katikati ya somo, na sasa hazikubaliani. Moja inasema walifika hapa, nyingine inasema walifika pale, na mwanafunzi mpya alijifunza robo tatu tu. Kwa kuwa haziaminiani, mashine imekataa kufungua chochote. "Ni kama kikao cha ukoo," aliongeza, kwa sababu alikuwa ameshasikia habari, na Renatha akamwangalia kwa jicho la kumnyamazisha.

Njia ya salama ilikuwepo. Kila diski inakiliwa kwanza kwenye diski mpya, halafu wanazichunguza nakala. Ingechukua siku mbili na diski mbili kubwa ambazo Muhidini hakuwa nazo. Njia ya pili ni kuilazimisha mashine ifungue hivyohivyo, leo. Huenda kila kitu kikatoka. Huenda kikatoka nusu. Huenda jubilei ikatoka na harusi za watu zikaharibika, au kinyume chake, au kisitoke chochote.

"Humo ndani kuna kazi ngapi?" Muhidini aliuliza.

"Mia moja arobaini na tatu," Audax alijibu. Alizijua zote. Alijua ni bibi harusi gani amelipa nusu, ni familia gani bado inasubiri mazishi ya baba yao yahaririwe. Mkate wa nyumba ile, ukiacha cherehani, ulikuwa ndani ya sanduku hilo. Alimkumbuka yule dada aliyekaa barazani kutwa na picha moja mkononi.

Renatha hakumwambia fanya wala usifanye. Alitaka kusema fanya, alitaka sana, lakini aliona haki ya kusema haikuwa yake. Ma Immakulata alikuwa ameinuka mkekani na kuanza kufunga mfuko wake mdogo. Alimwambia binti yake, polepole lakini kwa sauti ya kusikika na yule asiyeweza kuambiwa moja kwa moja, kwamba watoto wasiharibu riziki yao kwa ajili ya mtu mzima. Atamwomba Mwijage ruhusa ya mkungu. Si kitu. Ameshaishi.

Audax alinyanyuka, akaenda kwenye kompyuta ya Muhidini, akabonyeza mwenyewe. Vidole vyake viliacha mafuta ya senene kwenye kitufe.

Ilichukua saa mbili. Kazi mia moja ishirini na moja zilifunguka. Ishirini na mbili zilifunguka nusu au hazikufunguka kabisa, na Audax aliandika majina yake kwenye karatasi mojamoja, maana hao wote ilimbidi awapigie simu. Jubilei ilitoka. Misa ilikuwepo, keki ilikuwepo, na hotuba za alasiri zilikuwepo. Audax aliingiza hotuba kwenye flashi kabla ya kitu kingine chochote. Safari hii hakuna aliyehitaji kumshauri.

Ndipo akaifungua atazame, na aibu nyingine ikamjia, ya zamani zaidi.

Wateja wa Audax walikuwa na lalamiko moja. Kamera yake ilipenda chakula. Hotuba zikianza tu, yeye alihama kwa msemaji akaenda kwenye masufuria, akapiga mvuke, akapiga mwiko, akapiga foleni. Familia moja ya Kashozi ilimpigia simu kwamba video yao ya harusi ina dakika kumi na nne za wapishi na dakika mbili za baba wa bibi harusi. Audax alijitetea kwamba mdomo unaosema haupendezi kama mdomo unaokula. Na siku ya jubilei, kwa kuwa mvua ilikuwa inatisha, chakula kiligawiwa wakati hotuba zinaendelea. Ta Rugemalira alionekana akisimama na fimbo yake. Akasafisha koo. Na aliposema, "Ndugu zangu, kuhusu kibanja hiki," kamera ikageuka polepole ikaenda kwenye ndizi na nyama.

Maneno yote yalisikika. Uso wa msemaji haukuonekana hata mara moja.

"Watasema si yeye," Audax alimwambia mkewe. Alikuwa amekaa na mikono kichwani. "Watasema ni sauti ya mtu yeyote. Nimevunja kazi za watu kwa ajili ya masufuria."

Renatha angeweza kusema mengi, lakini yote alishayasema kwa miaka tisa bure. Alimsogezea bakuli la senene. Halafu akamkumbusha kwamba mwenye kuletewa senene anadaiwa nguo, na kwamba kitenge kizuri kipo duka la pili kutoka sokoni, na akienda sasa hivi atakishona usiku huu mama akivae kesho.

*

Wajumbe wa kikao walikuwa kumi na wawili, wamekaa kwenye viti vya plastiki uani kwa Ma Immakulata, mbele ya nyumba, mahali ambapo kaburi la Ta Rugemalira linaonekana kati ya migomba. Walikuwa wameshakula ndizi na maharage aliyowapikia. Mwijage, mwanamume mnene mwenye koti la kijivu, aliongea vizuri. Hakumtukana mtu. Alisema shemeji yake wanampenda, na atapata chumba na bustani ya mboga maisha yake yote, lakini kibanja cha ukoo hakiwezi kuhamia kwa watu wa Hamugembe. Alisema hivyo bila kumwangalia Audax, ambaye alikuwa watu wa Hamugembe peke yake.

Kisha Audax akaitwa alete hicho anachodai anacho. Aliweka laptopu juu ya stuli, akaigeuza jua lisipige kioo. Sauti ya Ta Rugemalira ikatoka.

Ilikuwa sauti yake kabisa, na kile kikohozi chake kidogo kila baada ya maneno matatu. Alisema kibanja hiki amekilima na mkewe, kwamba kitabaki kwa Immakulata mpaka mwisho wake na baada yake ni cha Renatha, na kwamba anasema hivyo akiwa na akili zake na mbele ya ndugu zake. Ma Immakulata, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitenge chake kipya, alishika mwimo. Hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu mwezi wa pili. Kwenye kioo, wakati wote huo, nyama ilikuwa inapakuliwa.

Mwijage alijikaza. "Sauti tunaisikia," alisema. "Lakini msemaji hatumwoni. Siku hizi vijana wanatengeneza sauti za watu kwenye simu. Mimi siku ile sikusikia neno kama hilo. Ningesikia ningepinga palepale."

Wazee wawili watatu walitikisa vichwa kumuunga mkono. Audax alinyoosha mkono afunge laptopu.

"Audax."

Aligeuka. Ma Immakulata alikuwa anamwangalia usoni moja kwa moja, na yeye, kwa mshangao, akamwangalia pia.

"Rudisha nyuma kidogo," mama mkwe alisema. "Hapo penye sufuria. Simamisha."

Akarudisha, akasimamisha. Ma Immakulata alisogea katikati ya wanaume, akainama, akaweka kidole karibu na kioo. "Macho yangu si mazuri. Huyu mwenye koti la kijivu na sahani ni nani?"

Viti vyote vilisogea. Audax akaiacha picha iende. Sauti ya marehemu ilisema, "Mnanisikia, ndugu zangu?" na yule mwenye koti la kijivu, aliyekuwa mbele kabisa ya foleni, akaugeuza uso upande wa msemaji, akainua sahani yake juu na kupaza sauti iliyoingia vizuri kwenye kamera, kwa kuwa kamera ilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo: "Tunakusikia, kaka! Ni haki! Ni haki kabisa!" Kisha akamgeukia mpishi akamwambia aongeze mchuzi. Nyuma yake, akipiga makofi kwa kutumia sahani tupu na kijiko, alisimama Ta Karugendo, mwenyekiti wa kikao.

Aliyeanza kucheka ni mjumbe wa mwisho kabisa, na alijitahidi kuficha kwa kikohozi. Haikusaidia. Kicheko kilipita kiti hadi kiti, mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakatoka kuuliza kuna nini. Mwijage alikitazama kioo kwa muda mrefu, akikiona kinywa chake mwenyewe kikisema.

Ta Karugendo alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilisema nilikuwa nyuma, na kweli ni nyuma," alisema. "Ila kumbe nilisikia."

Kikao hakikuchukua hata nusu saa nyingine. Katibu aliandika kwamba kibanja ni cha Immakulata kama marehemu alivyosema, na kwa Renatha baada yake, na wajumbe wote kumi na wawili wakatia sahihi. Mwijage alisaini wa tatu. Hapakuwa na cha kubishia, na wala hakujaribu.

*

Audax alikuwa anakunja waya wakati Mwijage alipomfuata. Alisimama pembeni, mikono mifukoni, akasubiri mpaka Renatha aliyekuwa karibu akaondoka na vikombe.

"Hiyo sauti," alisema. "Ya kaka. Naweza kupata nakala?"

Audax alimtazama akifikiri ni mtego.

"Si kile kipande changu," Mwijage aliendelea haraka. "Hicho unaweza kukikata. Ni anapozungumza tu. Kwenye simu yangu nilikuwa na ujumbe wake mmoja wa sauti, ananiuliza kama nimepata mbegu za maharage. Simu iliharibika. Sina kitu chake kingine."

Sauti yake ilikuwa imebadilika, na Audax aliona huyu mtu, pamoja na koti lake na hesabu zake za migomba, amefiwa na kaka. Wote kumi na wawili walikuwa wamesahau hilo, naye Mwijage amewasaidia kusahau. Audax alichukua flashi kutoka mfukoni akaanza kunakili. Hakukata kitu.

Jioni Renatha alipouliza kwa nini amempa, alijibu kwamba nakala moja inabaki kwa Mgeni, ya pili iko kwenye kopo la rozari la mama, ya tatu amekaa nayo Muhidini, na ya nne sasa iko nyumba ya Mwijage, ambaye ataitunza kuliko wote. Renatha alifikiri, akakubali kwamba kwa mara ya kwanza mumewe amepanga diski zake vizuri. Akamkumbusha pia kwamba Jumatatu kuna watu ishirini na wawili wa kupigiwa simu, na kwamba yeye atakaa karibu wakati anapiga.

Lakini kabla ya hapo, Mwijage akiwa bado anasubiri flashi yake, Ma Immakulata alitoka jikoni na panga. Hakumwambia mtu. Aliingia kibanjani akapita kando ya kaburi, akachagua mgomba, akapiga mara moja. Akarudi na mkungu mkubwa kichwani, mzito kuliko ule alioupeleka Hamugembe, akaupeleka mpaka kwenye pikipiki ya shemeji yake na kuufunga nyuma kwa kamba yeye mwenyewe, akivuta fundo kwa nguvu. Mwijage alisema asijisumbue.

"Chukua, shemeji," Ma Immakulata alimwambia. "Huu ni wangu." Akapangusa mikono kwenye khanga ya jikoni, kitenge kipya kisichafuke, akarudi ndani kuosha masufuria.